Kilo Mbichi, Kilo Kavu: Maneno Niliyoyasema Chake Chake Kuhusu Programu za Ripoti

Haya ni mazungumzo niliyoyatoa Chake Chake, Pemba, mbele ya wahasibu, watunza stoo, mameneja na makatibu wa vyama vya ushirika. Siku ile kusi lilivuma, boti haikuvuka, na wenzetu wengi wa Unguja wakabaki bandarini Malindi, mjini Unguja, na mikoba yao. Wameniomba niyaweke yote hapa. Picha za ukutani nimeziacha. Hata waliokuwepo hawakuziona vizuri, maana pazia la ukumbi limechanika na jua lilikuwa linatupiga usoni.

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Bi Mwenyekiti, wazee wangu, kaka zangu na dada zangu. Nimeitwa niseme juu ya programu za ripoti, zile zenye machati ya rangi rangi, ambazo bosi akiziona kwa jirani anarudi ofisini anasema na sisi tunaitaka. Jina lake la Kizungu, business intelligence, ukilifasiri neno kwa neno unapata "akili ya biashara", na hapo ndipo balaa linapoanza, kwani watu wanadhani wananunua akili.

Niwaulize kwanza. Nani hapa ofisini kwake ipo dashibodi, yaani ule ukurasa wa kompyuta wenye machati yote pamoja? Inueni mikono. Naam, naona mingi, mashaallah. Sasa ubakishe mkono juu kama mwezi uliopita ulibadilisha jambo moja, moja tu, kwa sababu ya ulichokiona mle ndani.

Mmeona? Mikono imeshuka kama dafu zilizokatwa kamba. Wamebaki wawili, na mmoja anacheka, simwamini.

Basi leo sitawafundisha kubonyeza. Kubonyeza vijana wenu watawafundisha kwa siku mbili. Nataka tuzungumze yale yanayotokea kabla ya kubonyeza, kwa sababu katika miaka yangu ya kazi hii sijaona ripoti iliyoharibika kwenye kioo cha kompyuta. Zote ziliharibika mapema zaidi, kwenye maneno.

Nianze na karafuu. Tuko Pemba, nisipoanza na karafuu mtanifukuza.

Mimi nimekulia upande wa Wete. Msimu ukifika, nyumbani kwa mjomba wangu kulikuwa na madaftari mawili. La kwanza la pishi, kile kipimo chetu cha ujazo. Jioni wachumaji wanarudi na mapakacha, watu wanakaa ukumbini kuchambua, makonyo huku, karafuu huku, halafu zinapimwa kwa pishi na kila mtu anaandikiwa ujira wake. Daftari la pili la kilo. Hilo lilifunguliwa karafuu zikishaanikwa juu ya majamvi zikakauka, zikapelekwa kituoni kuuzwa kwa Shirika la Biashara la Taifa, ZSTC. Madaftari mawili, na hayakutani.

Akaja binamu yangu, ametoka skuli, amesoma. Akasema, mjomba, haya mambo ya pishi ni ya zamani. Akanunua mizani. Akayaunganisha madaftari yakawa moja, lenye safu nzuri zilizonyooka: zilizoingia, zilizotoka, zilizobaki. Yote kwa kilo. Wallahi lilikuwa daftari zuri. Mwisho wa msimu akapiga hesabu: zimeingia kilo 900, zimetoka kilo 300. Zilizobaki, kilo 600. Mjomba akaenda ghalani. Ghalani mna panya na majamvi.

Mnajua aliyetuhumiwa ni nani? Mlinzi, bila shaka. Mzee wa watu alilala nje ya ghala miezi miwili, sasa anaulizwa kilo 600 kazipeleka wapi. Ilimbidi bibi atoke jikoni, hajui kusoma, akasema maneno mafupi: "Nyie mmejumlisha uji na unga."

Karafuu mbichi kilo 3 ukizianika hukupa kavu kilo 1, kidogo juu, kidogo chini. Mtoto yeyote wa Pemba anajua. Binamu yangu alijua pia! Lakini daftari halikujua, na yeye alipokuwa anaandika alikuwa anaandika kwa sheria za daftari.

Miaka mingi baadaye nikaitwa na kampuni moja ya viungo. Wana programu ya fedha nyingi, wana seva, wana kijana wa kompyuta mwenye kiti cha kuzunguka. Ripoti yao inaonesha upotevu wa thuluthi mbili ya mali. Nikauliza, hii safu iliyoandikwa "kilo", ni kilo za nini? Wakatizamana. Mwenye mapokezi anaingiza mbichi. Mwenye mauzo anatoa kavu. Nikamkumbuka bibi.

Sasa nisikilizeni hapa, kwani hili ndilo lililonivusha njia. Programu ya ripoti inajumlisha. Haiulizi. Ukiipa mbichi na kavu, inajumlisha. Ukiipa dola na shilingi katika safu moja, inajumlisha. Nimeliona hilo kwenye hoteli moja ya pwani ya mashariki: wageni wa chumba wanalipa kwa dola, wafanyakazi wa karibu wanakula mgahawani kwa shilingi, na ripoti ya usiku inaonesha kwamba sahani ya pilau imeingiza fedha nyingi kuliko chumba kinachotizama bahari. Meneja, Mungu amuhifadhi, alikuwa ameshaanza kufikiria kupanua jiko.

Na majina ya mahali je? Zanzibar ina wilaya 11. Zihesabuni: Pemba 4, Unguja 7. Mimi nimeshapewa ripoti yenye wilaya 19. Zilizozidi zimetoka wapi? Chake Chake imeandikwa kwa maneno mawili, kwa neno moja, kwa kistari katikati, na mwengine mvivu ameandika "Chake" akaondoka. Kwa macho yenu ni mji mmoja, huu tuliokaa. Kwa programu ni miji minne, na kila mmoja una mauzo madogo ya kusikitisha.

Dawa yake haina ufundi mkubwa. Nunueni daftari la kurasa mia. Kila neno linalotokea kwenye ripoti zenu lipewe ukurasa wake. Kilo: kilo za nini, zimepimwa wapi. Mauzo: siku mteja alipoagiza, siku alipochukua mzigo, au siku alipolipa? Maana hizo ni siku tatu, na kwa biashara ya mkopo kama zetu zinaweza kuwa miezi mitatu. Chini ya ukurasa muandike nani mwenye kauli ya mwisho juu ya neno hilo, na siku maana ilipobadilika. Mkishakubaliana ndipo fundi wenu ayaandike ndani ya programu, mara moja tu, mahali pamoja, na kila chati ichote kutoka hapo. Programu zote kubwa zinaruhusu hivyo: jedwali moja la matukio, yaani kila risiti na kila mzigo, na pembeni yake majedwali ya majina, la bidhaa, la wateja, la shehia, la tarehe. Wilaya mtu haiandiki kwa mkono, anaichagua kwenye orodha. Fundi akikwambia kila chati ina hesabu yake, mwambie hapana, bwana, sisi tuna bibi mmoja.

Haya. La pili, na hili nitakaa nalo kidogo, kwa sababu vitabu vya programu hizi vimeandikwa na watu wasioishi kwetu. La pili ni wakati.

Ofisi moja ya kupokea mizigo ya boti iliniletea malalamiko. Ripoti inaonesha msongamano mkubwa wa wateja ni saa 1:00 hadi 2:00 usiku wa manane, kwa saa za kompyuta. Meneja mpya, kijana, hakai bandarini, ameshaandika barua ya kuomba walinzi wa ziada na taa za nje. Nikamwambia twende tukamuone karani. Karani, mama mmoja mtaratibu, nikamuuliza mzigo huu ulipokelewa saa ngapi? Akasema saa moja. Asubuhi? Asubuhi, kwani usiku nani analeta mzigo! Akaandika 1:00. Akatizama juu akasema, "Kwani saa moja haiandikwi moja?"

Niambieni nyie, alikosea nini? Sisi jua likichomoza tunaanza kuhesabu. Saa yetu moja ni saba ya kompyuta. Huyu mama aliandika ukweli, na mashine ikausoma kwa lugha yake. Na ubaya wa kosa hili halijitangazi. Saa moja ni saa halali, mashine haikuona cha kukataa. Dawa ni muda usiandikwe kwa mkono, mashine iugonge yenyewe mzigo unapopokelewa. Kama lazima uandikwe, basi fomu iulize asubuhi, mchana, au usiku, na ibadilishe kwa siri bila kumsumbua mtu.

Lakini msifurahi mapema, kwani hata mashine ikigonga yenyewe kuna mtego. Programu nyingi za ripoti zinakaa kwenye seva za mbali na zinahesabu siku kwa saa ya Greenwich. Sisi tumewatangulia saa 3. Kwa hiyo ukiandika kwenye ripoti "mauzo ya leo", kwao leo inaanza ikiwa hapa ni saa 9 usiku. Siku za kawaida hutaona kitu, maduka yamefungwa, watu wamelala. Ngojea Ramadhani. Sokoni Darajani, mjini Unguja, watu wananunua mpaka usiku mkubwa. Risiti iliyokatwa saa 7 usiku inakwenda kwa jana, mwenye duka anafungua simu anaona leo sifuri, anampigia msimamizi akidhani mtandao umekatika. Fundi aongeze saa 3 kwenye hesabu ya tarehe, basi. Dakika tano za kazi, lakini lazima awepo mtu wa kuzikumbuka.

Na tarehe yenyewe, kabla sijasahau. Tatu mkwaju nne, yaani 3/4: ni tarehe 3 Aprili au ni Machi tarehe 4? Kwetu ya kwanza, kwa Mmarekani ya pili, na laptopu nyingi zinafika kutoka dukani zikiwa Wamarekani. Tizameni mipangilio.

Nimeitaja Ramadhani, niimalize. Duka moja la nguo za watoto, mjini Unguja. Mwenyewe ni mama makini, kila mwezi anatizama chati inayolinganisha mwezi huu na mwezi kama huu mwaka jana. Ikafika Aprili 2025. Chati nyekundu. Mauzo yameporomoka vibaya. Akataka kupunguza wafanyakazi wawili. Mimi nilikuwa nimepita kununua kanzu ya mwanangu tu, akaniita nyuma ya kaunta, njoo unitizamie.

Nikamuuliza: Bi Mkubwa, mwaka 2024 Idd el Fitr ilikuwa mwezi gani? Akafikiri. Aprili. Na mwaka huu? Mwisho wa Machi. Akanyamaza, akashika kichwa.

Mwaka wa mwezi mwandamo ni mfupi kwa siku kama 11 kuliko wa kalenda ya ukutani. Kila mwaka Ramadhani inasogea nyuma. Alikuwa analinganisha mwezi wenye Idd na mwezi usio na Idd, halafu anataka kuwaachisha watu kazi! Tukafungua programu, tukatengeneza upya jedwali la tarehe. Tarehe ya kawaida, pembeni yake tarehe ya Hijria, pembeni yake safu moja imeandikwa "kumi la mwisho", yaani siku kumi za mwisho za Ramadhani. Ukilinganisha kumi la mwisho na kumi la mwisho, duka lilikuwa limeuza zaidi. Wale wafanyakazi wawili wapo mpaka leo, hawajui kitu.

Jedwali hilo mulitengeneze wenyewe na mulijaze kwa mwandamo uliotangazwa, kwa sababu kalenda ya kupigwa hesabu inaweza kupishana na mwezi kwa siku nzima. Na wenye karafuu, msicheke, nyie ni hivyo hivyo. Mkarafuu hauzai sawa kila mwaka. Mwaka mmoja umejaa mpaka matawi yanainama, mwaka wa pili unatizama mbinguni hakuna kitu. Sasa mtu anakuja na mshale mwekundu, "imeshuka ukilinganisha na mwaka jana". Si imeshuka! Mti umepumzika.

Kuna mzee kule nyuma anasema na usiku wa Ijumaa je. Ahsante mzee, hilo nililiogopa. Kwa wazee wetu siku inaanza magharibi, kwa hiyo usiku wa Ijumaa ni ule unaotangulia Ijumaa, ambao kompyuta inauita Alhamisi. Vijana wengi siku hizi wanakusudia usiku unaofuata. Nimeona orodha ya zamu za mgahawa ambayo wapishi wawili wa biriani walikuja usiku mmoja na usiku wa pili hakuja mtu. Daftari la maneno, mzee. Ukurasa wake uwepo.

Tuje kwenye la tatu. Ripoti hii ni ya nani?

Zamani nilikuwa natengeneza ripoti ya kila wiki, kurasa 14, chati 22. Kila Jumatatu naichapisha nakala 9, nazipeleka mwenyewe kwenye meza za wakubwa. Nilikuwa najivuna nayo. Siku moja nimekaa Darajani nasubiri gari, nikanunua karanga. Nikazimaliza. Nikaikunjua ile karatasi kuona kama imebaki moja. Ukurasa wa 7. Mauzo kwa matawi. Chati yangu ya rangi ya machungwa, ina mafuta na chumvi.

Mnacheka. Mimi sikucheka. Kwanza nilipata hofu: mauzo ya matawi yetu yanazunguka mjini yakifungiwa karanga! Hofu ilipopoa ndipo ikaniuma zaidi. Karatasi ilikuwa haina hata alama ya kalamu.

Jumatatu iliyofuata sikuipeleka. Nikakaa kimya nikasubiri simu. Jumatatu ya pili, kimya. Jumatatu ya tatu simu ikalia, nikaruka. Alikuwa msimamizi wa ghala, anauliza ile karatasi yenye bidhaa zinazokaribia kwisha iko wapi, kwa sababu ndiyo anayoagizia mzigo. Ukurasa mmoja katika kumi na nne, na mtu mmoja katika tisa.

Nikaanza upya kutoka kwake. Nikaenda ghalani nikakaa naye siku nzima. Alikuwa hataki chati. Alitaka orodha: bidhaa hii imebaki ya siku ngapi, na boti ya mzigo ijayo lini. Akaipata kwenye simu kila asubuhi saa 2, mistari kumi, haizidi.

Mnajua, jambo hili si geni. Mwaka 1958 mhandisi mmoja wa kampuni ya kompyuta ya IBM, Hans Peter Luhn, aliandika makala juu ya mfumo aliouita kwa jina hili hili tunalolitumia leo. Programu hakuna, kioo hakuna. Na kilichomshughulisha ni nini? Chati? Hapana. Alishughulishwa na namna ya kuifikisha habari kwa mtu anayeihitaji katika shirika kubwa lenye watu wengi na karatasi nyingi, bila ya kumzamisha kwa zisizomhusu. Yaani mtu wa mwaka 1958 alikuwa anamfikiria yule msimamizi wangu wa ghala. Sisi tukaja tukaongeza rangi.

Kwa hiyo kijana akikuletea chati mpya, muulize nani ataisoma, na akiisoma atafanya nini kesho ambacho leo hakifanyi. Akisema "itatusaidia kuona hali kwa ujumla", mrudishe. Kwa upole, lakini mrudishe.

La nne ni zito kidogo. Sitataja mahali na msijaribu kukisia.

Hoteli moja ilikuwa na daftari la malalamiko pale mapokezi. Mgeni akisema kiyoyozi hakifanyi kazi, maji hayana moto, kinaandikwa. Wakaweka programu. Meneja akaona aweke televisheni kwenye chumba cha kulia cha wafanyakazi, na juu yake ripoti: kila idara na malalamiko yake, kutoka kubwa hadi ndogo, na idara ya kwanza inawaka nyekundu. Watu wanakula wali huku wanatizama aibu yao. Kila Jumamosi msimamizi wa idara nyekundu anasimamishwa mbele.

Miezi miwili, malalamiko yakashuka. Yakashuka yakakaribia sifuri. Meneja akapongezwa. Nikaletwa mimi nije nione mafanikio, nikayatumie kwenye hotuba kama hii. Nikakaa mapokezi nikisubiri, na mgeni mmoja akaja, mzungu mzee, amekunja uso, feni yake imekatika. Kijana wa mapokezi akamsikiliza kwa adabu sana, akampa pole, akampigia fundi. Nikamuuliza, huliandiki? Akatizama mlango wa meneja. Akavuta droo, akanionesha daftari, likafungwa tena na ufunguo. Akasema, "Kaka, hapa tukiandika tunamchoma mwenzetu."

Sasa niambieni, nani alidanganya? Kijana alitengeneza feni. Alimhudumia mgeni. Ripoti ndiyo ilikufa, na iliuliwa na ile televisheni. Feni ikikatika mara sita katika chumba kimoja, hakuna atakayejua kwamba nyaya za chumba hicho ni mbovu, kwa sababu kila mara ilikatika kwa siri.

Ulinganishe na dada yangu. Yeye ni muuguzi katika kituo cha afya. Wenzetu wa afya wametutangulia mbali: takwimu za vituo zinaingia kwenye DHIS2, programu ya bure iliyoanzia Afrika Kusini baada ya 1994 na kulelewa na Chuo Kikuu cha Oslo, na sasa iko nchi nyingi. Dada yangu kwa miaka alikuwa anajaza fomu mwisho wa mwezi. Akaniambia ni kama kurusha kokoto baharini, unasikia chubwi, basi. Mpaka siku moja bibi mmoja wa wilayani akaja na laptopu, akakaa naye kwenye benchi, akamuonesha mstari wa kituo chake mwenyewe: watoto waliopata chanjo ya Penta, ile ya kukinga magonjwa matano, ya kwanza, wiki ya 6, na waliorudi kwa ya tatu, wiki ya 14. Hakumsimamisha mbele ya mtu. Alimuuliza tu, hapa palitokea nini?

Dada akatizama. Mwezi mmoja aligundua ni kosa lake la kuandika, akalisema mwenyewe. Mwezi mwengine akakumbuka: masika, barabara ya upande ule inakatika, akinamama hawavuki. Wakapanga siku ya chanjo ng'ambo ile kabla ya mvua. Tangu siku hiyo dada anajaza fomu kama anayeandika barua, kwa sababu amejua upande wa pili kuna msomaji.

Mkubwa yeyote aliyekaa hapa ajiulize: ripoti yangu inafanana na benchi au inafanana na televisheni?

Haya, naona Bi Mwenyekiti ananionesha saa. Nimalize na yale mliyoyaandika kwenye vikaratasi, haraka haraka.

Tununue ipi? Power BI ya Microsoft, sehemu ya kutengenezea ripoti unaipakua bure kwenye Windows, lakini kuwagawia wenzako kwa kawaida kunataka leseni, na tangu Aprili 2025 ya kawaida imepanda kutoka dola 10 hadi 14 kwa mtu kwa mwezi. Zidisheni kwa watu wenu kabla ya kusaini. Tableau ni nzuri, ghali. Metabase na Superset zina matoleo ya bure, ila zinataka kijana anayejua seva na asiyekimbilia Dar es Salaam mwezi wa pili. Kwa duka la watu wanne, Excel na daftari la maneno vinatosha, kweli kabisa.

Kwani Excel ina ubaya gani? Haina, ukijua ukuta wake ulipo. Faili la sasa lina mistari 1,048,576. Lile la zamani lilikuwa na mistari 65,536 tu. Mwaka 2020 Uingereza karibu wagonjwa 16,000 wa korona walichelewa kuingia kwenye hesabu kwa sababu matokeo ya maabara yalipitishwa kwenye faili la zamani, likajaa, na yaliyozidi yakaachwa nje kimya kimya. Nchi tajiri hiyo. Kwa hiyo kila siku mtu mmoja ahesabu: mistari iliyotoka kule ni mingapi, iliyofika huku mingapi.

Na umeme ukikatika? Waulizeni wenzenu wa Unguja walivyokaa miezi mitatu kuanzia Desemba 2009 waya wa chini ya bahari ulipoharibika. Mpangilieni msimamizi wa ghala orodha yake ifike kwenye simu mapema, na ile ya mwisho ibaki kwenye simu hata mtandao ukiondoka.

Sasa adhana imekaribia na chai iko nje. Nawaomba kitu kimoja mkitoka. Pale mlangoni nimeweka daftari jipya, na kalamu nimeifunga kamba kwa sababu nawajua. Ukurasa wa kwanza nimeandika neno moja juu: MTEJA. Kila mtu akipita aandike mstari mmoja, ofisini kwake mteja ni nani. Aliyenunua mara moja? Aliyesajiliwa? Anayedaiwa? Msitizamiane. Baada ya sala nitasoma kwa sauti.

Waliobaki Unguja wameniuliza daftari lile liliishia vipi. Yaliandikwa mistari 41. Mitatu ilitoka kwenye ofisi moja, mhasibu, mtu wa mauzo na meneja wao, ambao walikuja kwa gari moja, na kila mmoja ana mteja wake. Niliposoma, meneja alicheka peke yake kwa muda, kisha akaomba ule ukurasa auchane aondoke nao. Nikamwambia apige picha.